Jinsi ya Kuwa Kaisari wa Kasongo

Kwanza, usivae taji. Augustus, aliyeanzisha mlolongo wa makaisari wa Roma mwaka 27 kabla ya Kristo, hakutaka kabisa kuitwa mfalme; alitaka aitwe raia wa kwanza, basi. Hamed bin Muhammed el-Murjebi naye, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip, nguvu zake zilienea kutoka Kasongo hadi maporomoko ya Kisangani bila kiti cha enzi. Msafiri Stanley alipomkuta mwaka 1876 aliona kanzu nyeupe pe, kofia mpya na jambia lenye nakshi ya fedha. Mtu wa namna hiyo ukimuuliza kazi yake, atakujibu kwamba anafanya biashara.

Mpwa wangu anasoma sekondari hapa Kasongo. Siku moja alirudi kutoka shuleni kichwa kimejaa Roma, akaniuliza, "Mjomba, sisi huku hatukuwa na kaisari?" Nikamwambia tulikuwa naye, na kiti chake kilikuwa hapa hapa. Basi akataka nimfundishe yule bwana alivyofanya, hatua kwa hatua, kama ninavyofundisha darasani, maana mimi ni mwalimu wa hesabu. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake. Nauandika kana kwamba yeye ndiye atakayefunga mizigo kesho alfajiri, kwa sababu ukubwa wa namna ile ukiutazama kwa mbali unapendeza tu. Inabidi uuvae kidogo mwilini ujue unabana wapi.

Haya, mpwa wangu. Uzaliwe Unguja, kama yeye, katika miaka ya 1830, kwenye ukoo wenye mguu mmoja pwani na mwingine Unyamwezi. Baba yake, Muhammed bin Juma, aliketi Tabora na kuoa binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Uanze mapema. Hamed alikuwa na miaka 12 alipoanza kutumwa katika safari ndogo za sandarusi, na alikuwa na miaka 18 hivi alipofuatana na baba yake bara, akavuka Ziwa Tanganyika na kuingia Urua.

Fedha usiwe nazo. Hapa vijana wengi hukosea, wakidhani ukubwa unaanzia kwenye mali. Ulianzia kwenye deni. Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja, ndiye aliyemfungulia ghala, na utaratibu ulikuwa hivi: tajiri anakupa majora ya merikani na kaniki, ushanga, masango ya waya, bunduki na baruti. Hulipi kitu siku ile. Unaahidi kurudi na pembe za ndovu zenye thamani kubwa kuliko bidhaa ulizochukua. Ukirudi mikono mitupu, heri usirudi.

Basi deni linatembea mbele yako kama kirangozi. Ukifika Tabora, pembe zimekwisha kununuliwa na waliokutangulia na bei imepanda. Deni linakusukuma hadi Ujiji. Ujiji ni vile vile, linakuvusha ziwa. Kila mwaka mahali penye pembe rahisi panazidi kusogea machweo, hadi siku moja unasikia habari ya nchi iitwayo Maniema, ambako watu, kama Stanley alivyosimuliwa, walizifanya pembe kuwa nguzo za nyumba. Siku hizi tunasema bunduki ndizo zilizoifungua Maniema. Mimi naamini daftari la deni lilitangulia, na bunduki zilikuwa mzigo mmoja kati ya mizigo iliyoandikwa ndani yake.

Wala daftari hilo halikuishia mtaa wa Wahindi. Huko Connecticut, Marekani, upo mji mdogo ambao mpaka leo unaitwa Ivoryton, yaani mji wa pembe. Pembe za Unguja zilifika huko zikapasuliwa vibanzi vyembamba vya kubandikwa kwenye vinanda. Nikisikia kinanda cha zamani redioni huwa nasikiliza kwa makini sana, nikiwaza kidole cha mtu kinagusa nini.

Sasa hesabu, sehemu yangu. Chukua chaki.

Mwaka 1867, kusini ya Tanganyika, Hamed alipigana na Samu, mtemi wa Itabwa, ambaye ngome yake ilikuwa ikiogopwa na kila msafara. Akamshinda. Alipokuja kuandika maisha yake uzeeni alikumbuka nyara zote kwa vipimo: frasila 1,950 za pembe na frasila 700 za shaba, mbali na chumvi. Frasila moja ni kama kilo 16. Zidisha, utapata kwamba pembe peke yake zilikuwa tani 31 hivi. Sasa zipeleke pwani. Gari hakuna, reli hakuna, punda na ng'ombe wanakufa kwa mbung'o. Lipo bega la mtu. Mzigo wa kawaida wa pagazi ulikuwa frasila mbili hivi, kwa hiyo gawanya 1,950 kwa mbili. Mpwa wangu aligawanya: 975. Ukiongeza shaba, wanafika 1,325.

Nilimwambia aitazame hiyo namba ya mwisho vizuri, kwa sababu haimo kitabuni. Mwenye kitabu alizikumbuka frasila miaka 35 baadaye, bila daftari mkononi. Kichwa chake kilikuwa hodari ajabu, na mimi kama mwalimu namheshimu kwa hilo. Lakini waliozibeba frasila hizo lazima uwatafute kwa kugawanya. Wengine walikuwa Wanyamwezi waliokuja kwa ujira, watu wenye fahari ya kazi yao, waliojua kudai posho na kugoma. Wengine walikuwa mateka wenye kongwa shingoni. Daftari la pwani lilipokea pembe tu. Halikuwa na safu ya kuonyesha bega lipi lilikuwa la nani.

Ukijifunza kitu kimoja katika mwongozo huu, jifunze kugawanya hivyo. Ukisoma mahali popote "msafara wenye mizigo elfu", andika pembeni: watu elfu.

Jina waachie watu wakupe. Yeye mwenyewe alieleza kwamba Tippu Tip ni mlio wa bunduki zake, tip tip tip, kama walivyousikia waliokuwa wakikimbia. Wengine walisema ni kwa sababu ya macho yake, yaliyokuwa yakipepesa. Angalia tofauti iliyopo kati ya maelezo hayo mawili, ujue kwa nini mtu mkubwa hupenda kueleza jina lake mwenyewe.

Halafu jitafutie bibi. Hatua hii inanigusa kuliko zote, na nitakaa nayo.

Mapema katika miaka ya 1870, Hamed alifika Utetera, upande wa Lomami, nchi ya mzee mmoja aliyeitwa Kasongo Rushie. Njiani alikuwa amesikia kisa cha dada wa mtemi huyo waliotekwa zamani za vita na kupelekwa Urua, wasirudi tena. Mtu mwingine angesikiliza, akasikitika, akaendelea na safari. Hamed alikiweka kisa kile kama mtu anavyotia akiba ya chakula. Alipokaribia nchi ya mzee akatangaza kwamba bibi yake mzaa mama alikuwa mwanamke wa huku, aliyetekwa, akauzwa hadi pwani na kuzaa huko. Kwa hiyo yeye Hamed hakuwa mgeni. Ni mjukuu aliyerudi nyumbani.

Mzee alifurahi. Alikuwa ameishi miaka mingi na kidonda cha dada zake, na sasa damu yao imekuja na miguu yake, imevaa kanzu, imeleta bunduki. Akamkabidhi nchi. Pembe za Utetera zikaanza kupelekwa kwa mjukuu.

Makaisari waliujua mlango huu. Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna kwenye pwani ya Libya ya leo, Mwafrika kwa kuzaliwa, aliupata ukaisari wa Roma mwaka 193 kwa nguvu ya majeshi yake. Upanga ulimpa kiti bila kumpa ukoo. Basi mwaka 195 akajitangaza kuwa mwana wa Marcus Aurelius, kaisari mwema aliyekufa mwaka 180. Miaka 15 marehemu yumo kaburini, ndipo anapata mtoto wa kiume mwenye ndevu na majeshi. Roma ikakubali, kama Utetera ilivyokubali. Watu huona shida kumtii mvamizi, lakini jamaa humpokea kwa mikono miwili.

Mpwa wangu alicheka sana hapo. Nilimwacha acheke, halafu nikamwuliza, "Bibi yangu mzaa mama alikuwa nani?" Akanitajia jina, kwa kuwa mama yake humtaja katika dua. Nikamwuliza, "Na mama yake huyo?" Hakujua. Mimi pia sijui. Najua kwamba walikuwa watu wa Kabambare, Wabangubangu. Najua kwamba mmoja wao alichukuliwa akiwa msichana, na alipofika Kasongo alipewa jina jingine, jina zuri la Kiislamu, ndilo tunalolijua sisi. Jina alilopewa na mama yake lilibaki njiani, mahali fulani kati ya Kabambare na Kasongo. Nyumbani kwetu watu hawakuuliza mambo haya. Aliyebebesha na aliyebebeshwa walikuja kuoana, wakazaa, wakaswali msikiti mmoja, na kuuliza ilikuwa kama kumwaga maji kwenye unga.

Ndiyo maana hatua ya bibi inaniuma. Mtu mmoja alijitungia bibi, akapata nchi nzima. Sisi wengine tulikuwa na mabibi wa kweli, wa damu na nyama, na majina yao yalipotea katika barabara ya mtu yule yule.

Ukishakuwa na bibi, chagua mji. Wafanyabiashara waliomtangulia walikuwa wamejenga Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, penye soko kubwa la Wagenia na majirani zao. Katika soko hilo, tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara walifyatua bunduki katikati ya wanawake waliokuja kuuza, na mamia walikufa kwa risasi na kwa kuzama mtoni. Msafiri Livingstone alikuwapo akaona, na habari aliyoiandika ilizidisha kelele za Uingereza dhidi ya soko la watumwa la Unguja, likafungwa mwaka 1873. Hamed hakuwapo siku ile. Lakini alipofika Maniema alikuta hofu imekwisha kulimwa. Kazi yake ikawa kupanda.

Akachagua Kasongo. Na hapa lazima niseme kweli yote, kwa sababu mji huu naupenda. Ulipendeza. Mashamba ya mpunga yalizunguka mji, na mpunga ule ndio uliotufanya Maniema tuitwe ghala la wali. Kabla ya Waungwana, yaani watu wa pwani, nafaka hiyo haikuwa chakula cha huku. Kulikuwa na machungwa, mapera, makomamanga, mananasi, miembe. Kulikuwa na watu waliosoma Kurani, mafundi seremala, wahunzi, wapishi. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyeingia na jeshi lililouteka mji mwaka 1893, alishangaa kuona hata askari wa kawaida wakilalia magodoro ya hariri kwenye vitanda vya kuchongwa vyenye vyandarua. Mtu akisema huku kulikuwa giza hadi walipokuja Wabelgiji, mwambie alete tochi yake nimwonyeshe.

Sasa mpunga huo, mpwa wangu: shika jembe, uinamishe mgongo juani, uwe mwanamke uliyeletwa kutoka Kabambare. Gawanya tena.

Kabambare yenyewe usiisahau, kwa maana kaisari anahitaji mlango wa nyuma. Ilikuwa kituo katika njia ya kutoka Ujiji kwenda Kasongo. Livingstone aliishi huko miezi mingi mwaka 1870, vidonda vya miguu vimemlaza, akisoma Biblia yake na kungojea wapagazi na bidhaa. Kila jora la merikani lililoingia Maniema kwa njia ile lilipita pale, na kila pembe iliyotoka. Leo wanaume wanasukuma baiskeli zilizosheheni mchele na mawese katika barabara hizo za Kabambare, mguu kwa mguu, na nikipishana nao kwenye mlima huwa nasimama nisukume kidogo. Siwezi kupita hivi hivi.

Wageni wakija, wakarimu. Hatua hii ni fupi lakini ndiyo iliyommaliza. Alimsaidia Livingstone mwaka 1867. Alimsaidia Cameron, msafiri mwingine, mwaka 1874. Mwaka 1876 alikubaliana na Stanley amsindikize kushuka Lualaba kambi 60 kwa malipo. Stanley aliandika riali 5,000, Hamed akaandika 7,000, na wote wawili walikufa kila mmoja na namba yake. Walitoka Nyangwe mwezi Novemba, wakapenya msitu mzito wenye ndui na mishale, na mwishoni mwa Desemba Hamed akarudi. Stanley akaendelea na mto hadi akaiona bahari ya Atlantiki, Agosti 1877. Mtu aliyesindikizwa na watu wetu, akilishwa chakula chetu, ndiye aliyemwonyesha Leopold, mfalme wa Ubelgiji, kwamba mto huu ni barabara. Mwaka 1885 Leopold alikuwa na Dola Huru ya Kongo mkononi, na Kasongo imo ndani ya ramani yake, ingawa Kasongo haikuambiwa.

Kisha kubali mshahara. Februari 1887, mjini Unguja, Stanley alirudi na karatasi: Hamed awe liwali wa Leopold katika maporomoko ya Kisangani, kwa paundi 30 kwa mwezi. Watu wamebishana sana kwa nini alikubali. Mimi namwona akipiga hesabu. Sultani Barghash alikuwa amebanwa na Wajerumani na Waingereza, hana tena nguvu za kumlinda mtu bara. Paundi 30 zilikuwa kitu kidogo kwa tajiri wa pembe, lakini bendera ilikuwa ngao. Akapanda meli Madura pamoja na Stanley, wakazunguka rasi ya kusini hadi mlango wa mto Kongo, akaingia nchi yake mwenyewe kwa mlango wa mbele kama mwajiriwa. Mwaka 1890 alianza safari ya kurudi pwani, baada ya Stanley kumshitaki mahakamani Unguja, na Maniema hakuiona tena.

Waachie watoto. Severus, alipokaribia kufa huko York, Uingereza, mwaka 211, aliwaachia wanawe wawili Roma yote kwa pamoja, na kabla mwaka haujaisha Caracalla alikuwa amemwua Geta. Huku kwetu hakuna ndugu aliyemchinja ndugu. Sefu, mwana wa Hamed, alibaki Kasongo; Rashid, mpwa wake, alibaki Kisangani. Kilichovunjika ni kitu kingine.

Kulikuwa na mtu anayeitwa Ngongo Lutete. Alianza kama mtumwa, akawa askari, akawa jemadari, akawatawala watu wengi kati ya Lomami na Sankuru kwa niaba ya mabwana wa Kasongo, akikusanya pembe na mateka kwa mkono mzito. Alikuwa amejifunza kila hatua ya mwongozo huu, na akaongeza moja: ukiona bwana wako anazama, badili mashua. Septemba 1892 akahamia upande wa Dola ya Leopold. Sefu akataka arudishwe, kama mtu anavyodai mali yake iliyoibwa, na vita vikaanza. Wazungu wawili waliokuwa wakiishi Kasongo kwa niaba ya Dola, Lippens na Debruyne, wakauawa. Dhanis, ofisa wa Dola, akavuka mto na jeshi ambalo sehemu kubwa yake ilikuwa watu wa Ngongo Lutete. Nyangwe ikaanguka Machi 1893. Kasongo ikaanguka tarehe 22 Aprili. Sefu akafa vitani mwaka ule ule. Kabambare ikachukuliwa Januari 1894, na mfanyabiashara Rumaliza, wa mwisho kusimama, akakimbilia upande wa Wajerumani.

Ngongo Lutete naye alipigwa risasi na maofisa wa Dola Septemba 1893, baada ya baraza la kijeshi lililofanywa haraka na kwa ushahidi hafifu. Askari wake hawakusamehe. Waliasi Luluabourg mwaka 1895, na moto ule ukawaka mahali hapa na pale kwa miaka mingi.

Ukitaka kujua kama kaisari mpya ni tofauti na wa zamani, usiangalie bendera. Angalia mabega. Dola ilisema imekuja kuwakomboa watumwa, na wengi walitolewa minyororo kweli. Halafu wakapewa mzigo. Waliokombolewa wakaandikwa askari na wapagazi. Vijiji vilivyokuwa vikitoa pembe kwa Waungwana vikatakiwa kutoa pembe, mpira, chakula na watu kwa Bula Matari, kama watu walivyoiita Dola. Frasila zikaitwa kilo.

Na ukizeeka, zeekea nyumbani, uandike. Hamed alikuwa na nyumba Shangani, Unguja, na mashamba, na watoto na wajukuu wa kumhudumia. Mjerumani Heinrich Brode akamshawishi aandike, naye akaandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, maisha yake tangu safari za sandarusi; Brode akayachapisha mwaka 1902 na 1903. Alikufa Juni 1905. Kitabu hicho ni miongoni mwa maisha ya kwanza ya mtu kuandikwa na yeye mwenyewe kwa lugha yetu, na nathari yake ni safi, yenye mwendo, isiyojisifu kwa kelele. Wanafunzi wangu wakisoma wanamwelewa bila mkalimani. Yeye na watu wake ndio walioleta huku Kiswahili hiki ninachofundishia hesabu. Nimekikubali kama mtoto anavyokubali jina la baba. Nimekipata kwa yule msichana wa Kabambare, aliyelazimishwa kukijifunza, na ambaye alikuja kumbembeleza mwanawe kwacho.

Mwezi uliofuata somo letu nilimchukua mpwa wangu hadi Tongoni, mahali pa mji wa zamani. Jina lenyewe linasema: palipokuwa na watu, wakahama. Watafiti wa mambo ya kale wamechimba huko miaka hii ya karibuni, na wazee wa jirani bado wanajua nyumba ya nani ilikuwa wapi. Hukuti kasri. Kuna miembe mikubwa, vichuguu vya udongo vilivyokuwa kuta, na mashamba ya watu. Akina mama walikuwa wakipalilia mpunga. Tukawasalimu, wakatuuliza kama tumekuja kutafuta dhahabu, maana kuna uvumi kwamba Waarabu walizika mali. Nikasema hapana, tumekuja kuhesabu. Wakaendelea na kazi.

Kijana akaona kitu chekundu njiani, mvua imekifukua. Ulikuwa ushanga mmoja, mdogo kuliko punje ya mtama. Akaufuta kwa kidole, akaniuliza wakati ule ungenunua nini. Nikamwambia mmoja haununui kitu; huwa ni mshipi mzima, na mishipi mingi, na kuna mtu aliyeibeba kutoka baharini. Akasimama akiutazama kiganjani. Halafu akainama, akaurudisha pale pale alipoutoa, akaufunika udongo kwa mkono.

Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja jikoni kwa mama yake. Nilimsikia akiuliza, "Mama, mama yake bibi alikuwa mtu wa kijiji gani huko Kabambare?" Sufuria ikatuliwa chini. Dada yangu alikaa kimya muda mrefu, kisha akamwambia avute kigoda aketi.